Kitabu Kinabaki Dirishani

Bi Nurjehan alikuwa bado ameshika ufagio Mzee Rehani alipoingia dukani na kusimama katikati bila kuketi. Hapo hapo alijua kuna jambo. Siku zote mzee huyu akitoka Kiwangwa kuja mjini kununua kalamu za wajukuu, huvuta kiti kwanza, akauliza habari za nyumbani mtu kwa mtu, ndipo aseme shida yake.

"Shikamoo, Mzee Rehani."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Za Kiwangwa?"

"Za Kiwangwa ndizo zilizonileta." Aliinua bakora yake akaelekeza dirishani. "Kile kitabu. Nakuomba ukitoe."

Kitabu alichokisema kiliitwa *Mwali Asiyetoka*. Kilikuwa riwaya, na aliyeiandika ni Swaumu, mwalimu wa shule ya msingi huko huko Kiwangwa, mtoto wa wakulima wa mananasi. Kilimhusu msichana hodari wa hesabu ambaye alipovunja ungo aliwekwa ndani, akachezwa ngoma, na alipotolewa hakurudi tena shuleni bali alipelekwa kwa mume mwenye wajukuu. Swaumu hakuficha kitu. Aliandika nyimbo za unyago kama zinavyoimbwa, na mafunzo ya makungwi neno kwa neno, mambo ambayo wanawake wa pwani hawayatamki mbele ya wanaume. Yule mume mzee katika kitabu alipewa jina ambalo hakuna mtu wa kweli aliyekuwa nalo, lakini halikusaidia. Watu wa Kiwangwa waliapa kwamba ni wa kwao, wa Makurunge wakasema wanamjua hadi shamba lake, na huko Ubena kuna mzee aliyeacha kwenda kwenye kahawa kwa sababu kila akifika watu hunyamaza.

Bi Nurjehan alikipenda tangu nakala za kwanza zilipofika kutoka kwa mpiga chapa wa Dar es Salaam. Duka lake, alilorithi kwa marehemu mumewe Kamrudin, Mhindi wa pwani kama yeye, liliishi kwa madaftari na vitabu vya shule. Riwaya alikuwa akiuza kwa mapenzi tu. Hiyo aliiweka dirishani, peke yake, pale ambapo mtu akipita kwenda sokoni lazima aione.

"Umekisoma, mzee wangu?" aliuliza.

"Mara mbili," alijibu Mzee Rehani. "Ulidhani nimekuja kwa kusikia tu? Nimekisoma mara mbili, ndiyo maana nimekuja."

Bi Nurjehan aliuegemeza ufagio ukutani.

"Juzi," mzee aliendelea, "mjukuu wangu Shufaa alikuwa anatoka shule. Pale kijiweni kwa bodaboda vijana wakamwimbia wimbo wa mwali. Wote, kwa makofi. Mtoto karudi nyumbani analia, mpaka leo hataki kutoka. Na wimbo ule vijana wale hawakuzaliwa nao. Wanaume hatuujui. Wameutoa mle." Bakora ilielekea tena dirishani.

"Nimesikitika kweli," alisema Bi Nurjehan. "Nionyeshe vijana hao. Nafunga duka sasa hivi, nakwenda nawe mpaka kituo cha polisi."

"Sikuja kutafuta vijana."

"Lakini walioimba ni wao, mzee wangu. Na kabla ya kitabu hiki hawakuwa wakiwaimbia wasichana? Mimi nilipita mitaa hii nikiwa binti, nimebeba maandazi ya mama. Waliniimbia mengine. Hakuna kitabu kilichowafundisha."

Mzee Rehani aliishusha bakora. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliouma.

"Bi Nurjehan, mila hii si yako. Unauza kitu kinachotuvua nguo sisi, wewe umekaa umevaa. Kingekuwa kinawavua watu wako, ungekiweka dirishani?"

"Ningekiweka," alijibu Bi Nurjehan, upesi, bila kufikiri.

"Haya," alisema mzee. "Mungu amekusikia." Akaaga, akatoka.

Mungu hakuwa peke yake. Kwenye kona, akisubiri karatasi zake zitoke kwenye mashine ya kopi, alikuwepo Mtoro, mtu wa makamo aliyekuwa akiandika makala na kuzisambaza kwenye simu za watu. Alichukua kopi zake, akatabasamu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo mambo yalianza kumgeukia Bi Nurjehan. Shule moja iliyozoea kuchukua madaftari kwake ilituma ujumbe kwamba muhula huu itanunua kwingine. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mtu aliandika kwamba duka lake linauza uchafu, na watu aliowauzia vitabu vya darasa la kwanza wakaweka alama ya kukubali. Wanawake wawili waliingia, wakanunua kitabu kile kile, wakamwomba akifunge kwenye gazeti, kisha wakatoka wakimsema kwa sauti ili wapita njia wasikie.

Shemeji yake Aliasgar, mdogo wa Kamrudin, mwenye duka la misumari na rangi mtaa wa pili, alikuja mchana akiwa amefunga duka lake, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata akiumwa.

"Bhabhi," alisema, kama alivyozoea kumwita mke wa kaka yake, "kitoe. Nakuomba. Kwa nini tuingie katika ugomvi usiotuhusu? Sisi hapa ni wageni."

"Wageni tangu lini, Aliasgar?"

"Tangu babu yake babu."

"Huyo mgeni hajui kuaga?" Bi Nurjehan alicheka, lakini alikuwa amekasirika. "Mimi nimezaliwa kwenye chumba kilichopo juu ya duka hili, nyumba ilipokuwa bado ya baba yangu. Kamrudin amezikwa hapa. Kama nina haki ya kuzikwa hapa, nina haki ya kugombana hapa. Mgeni ndiye anayekubali kila kitu."

"Watatuvunjia vioo."

"Vioo vinauzwa dukani kwako."

Aliasgar aliondoka akitikisa kichwa.

Mtoro naye hakukawia. Alirudi akiwa na furushi la vijitabu vilivyochapwa upesi, vya jalada jekundu. Alikiweka kimoja mezani, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyewasha fataki. Kwenye jalada kuliandikwa *Nani Ameimeza Pwani?*

"Ulimwambia Mzee Rehani kwamba kingekuwa cha watu wako ungekiweka," alisema. "Mimi nilikuwepo. Basi hiki ni cha watu wako."

Alikuwa amekuja na wenzake, na wapita njia walishasimama mlangoni. Bi Nurjehan alivaa miwani, akakisoma pale pale, mbele yao, ukurasa kwa ukurasa. Kilisema Wahindi wa pwani wote ni kupe. Kiliwataja kwa majina, walio hai na waliokufa. Kwenye ukurasa wa katikati alikuwepo Kamrudin. Mtoro aliandika kwamba Kamrudin, kabla ya kufungua duka la vitabu, alipokuwa akinunua mbata kwa wakulima, mizani yake ilikuwa imechezewa, na kwamba baba yake Mtoro alikuwa akipima magunia yake kwa mzani wa jirani kabla ya kuyaleta, na kila mara yalipungua yakifika kwa Kamrudin.

Bi Nurjehan aligeuza ukurasa. Aliendelea kusoma hadi ukurasa wa mwisho. Huo haukuwa na hadithi. Ulitaja nyumba, mtaa kwa mtaa, nani analala wapi na nani anaishi peke yake, na chini yake maneno haya: "Waendewe. Vijana mnajua la kufanya."

Alivua miwani.

"Hiki kinasema mume wangu alikuwa mwizi," alisema kwa sauti, ili na wale wa mlangoni wasikie. "Kinaniita kupe. Kinaniuma, sitasema hakiniumi. Nitakiuza. Nitakiweka dirishani, kando ya kile cha Mwalimu Swaumu."

Watu waliguna. Hata Mtoro hakulitegemea hilo.

"Lakini si pamoja na ukurasa huu," aliendelea, akiugonga kwa kidole. "Ukurasa huu hausemi kitu. Unatuma watu. Unamwambia kijana fulani aende kwenye mlango wa bibi Yasmini, anayeishi peke yake na haoni vizuri, akafanye analolijua. Hilo si kitabu, hilo ni jiwe lililofungwa karatasi. Ukate, ukiuze. Usipoukata, kiuze mwenyewe barabarani, nami nitaupeleka ukurasa huu polisi kwa miguu yangu."

"Kumbe na wewe unazuia!" Mtoro alipiga kelele akiwageukia watu. "Mnaona? Uhuru wake una geti!"

"Una geti, ndiyo," alisema Bi Nurjehan. "Na nimekwambia lilipo. Wewe baki ukinitukana upande huu wa geti mpaka uchoke."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Mtoro alisimama akiwaka. Lakini alikuwa mwandishi, na hakuna mwandishi asiyetaka kitabu chake kikae dirishani. Aliazima mkasi wa dukani, akaketi kwenye ngazi na kukata kurasa za mwisho moja baada ya nyingine, huku akilalamika.

Jioni hiyo Swaumu alifika kutoka Kiwangwa kwa pikipiki, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Bi Nurjehan alidhani amekuja kumpongeza.

"Umeniweka na yule?" Swaumu alisema hata kabla ya salamu. "Mimi nimeandika niliyoyaona kwa macho yangu. Yule ameandika chuki. Kitoe kile kijitabu, Bi Nurjehan, au toa na changu."

"Na wewe pia?" Bi Nurjehan alimtazama kwa mshangao. "Mzee Rehani ananiambia nitoe chako kwa sababu kinaumiza watu. Wewe unaniambia nitoe cha Mtoro kwa sababu kinaumiza watu. Nikiwasikiliza wote, dirishani nitabaki na rula na kifutio."

"Changu ni kweli, chake ni uongo!"

"Una hakika?"

"Kuhusu watu kuwa kupe? Bi Nurjehan!"

"Hapo ni uongo, na nitamwambia kila anayekinunua. Lakini kuhusu mizani ya Kamrudin, mimi sijui." Sauti yake ilishuka. "Nimeishi na yule mtu miaka yangu yote ya utu uzima, na sijui. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia usoni. Walikuwa wakija kununua madaftari, wananiita mama, na huku moyoni wanalo hilo. Nani angeniambia, kama si mtu anayenichukia?"

Swaumu alinawa uso nyuma ya duka, akanywa chai, na alipoondoka bado alikuwa na hasira, ila hakuchukua vitabu vyake.

Baada ya siku tatu Bi Nurjehan alikwenda kwa Aliasgar. Alimkuta kwenye ghala lake la nyuma, na pembeni, nyuma ya madebe ya rangi, alikuta furushi zima la vijitabu vyekundu. Aliasgar alikuwa akiwatuma watu wavinunue vyote ili visisomwe.

"Mpumbavu wewe," alisema Bi Nurjehan, akashindwa kujizuia kucheka. "Mtoro anadhani mji mzima unamgombania. Ameenda kuchapisha vingine."

Aliasgar alijishika kichwa. Bi Nurjehan alisubiri mpaka kicheko kikaisha.

"Niambie kweli. Mizani ya kaka yako ilikuwaje?"

Aliasgar aliinama, akaanza kupanga madebe ambayo yalikuwa yameshapangwa.

"Wote walifanya," alisema mwishoni. "Wanunuzi wote wa mbata wakati ule. Yeye aliacha. Ndiyo maana alifungua duka la vitabu."

Bi Nurjehan aliketi juu ya gunia la saruji. Hakulia. Alikaa akiangalia mikono yake, akimkumbuka Kamrudin alivyokuwa akifunga vitabu vya watoto maskini na kuwaongezea penseli bila kusema. Alikuwa akidhani ule ni ukarimu. Huenda ulikuwa ukarimu. Huenda lilikuwa deni. Alipofika dukani alimtumia Mtoro ujumbe kwenye simu: "Kuhusu mizani ya mbata, ulisema kweli. Pole kwa baba yako. Mengine yote ni upuuzi na nitakwambia mbele ya watu." Mtoro hakujibu, lakini asubuhi alipita mbele ya duka, akasimama, akamwamkia "shikamoo" kwa mara ya kwanza, kisha akaendelea na safari yake.

Siku chache baadaye Mzee Rehani alirudi, na safari hii alikuja na mtendaji wa kata. Mtendaji alikuwa kijana nadhifu aliyeonekana kutamani kuwa mahali pengine.

"Bi Nurjehan," alisema, "tumeona ni busara vitabu hivi viwili viondolewe kwa muda, mpaka kamati ikae."

"Kamati gani?"

"Itaundwa."

"Kwa sheria ipi?"

"Ni ombi la busara tu, mama."

"Basi ni ombi, nami nimelikataa kwa adabu zote. Ukileta amri yenye mhuri na jina la aliyeitoa, nitaibandika dirishani kando ya vitabu, watu waisome nayo."

Mtendaji alimtazama Mzee Rehani. Mzee alisogea mbele.

"Nasikia ulimkatisha Mtoro ukurasa."

"Nilikataa kuuza ukurasa ule. Aliukata mwenyewe."

"Vyovyote. Basi mpaka unao." Macho ya mzee yaling'aa. "Wewe uliona ukurasa utakaowaleta vijana kwenye mlango wa Yasmini. Mimi nimeona ukurasa uliowaleta vijana kwa Shufaa. Kwa nini mkasi uwe mkononi mwako tu?"

Swali hilo lilimkaa Bi Nurjehan kifuani. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyoulizwa.

"Mtoro aliwataja watu wanaoishi akasema waendewe," alisema hatimaye. "Mwalimu Swaumu hakumtuma mtu popote. Angeandika 'msubirini Shufaa njiani mkamwimbie,' ningempa mkasi kabla hajavuka mlango. Yeye ameandika tu mambo yanayofanyika, na walioyageuza silaha ni vijana."

"Mpaka huo umeuchora wewe."

"Nimeuchora mimi, kwa sababu duka ni langu. Wewe njoo uuchore wako mbele ya watu, si huku ndani na mtendaji. Ijumaa, baada ya Alasiri, nitaketi kwenye baraza langu na kukisoma kitabu cha Swaumu kwa sauti. Anayetaka kukipinga atapewa kiti."

"Mkutano unahitaji kibali, mama," alisema mtendaji.

"Kuketi kwenye baraza la nyumba yangu nikisoma kitabu kunahitaji kibali? Andika hivyo. Weka saini."

Mtendaji hakuandika.

Ijumaa ilipofika Bi Nurjehan alivaa gauni lake la kitambaa cha zambarau, akajitanda mtandio, akatoa viti vyote vya dukani nje. Aliasgar alimwambia hatakuja, kisha akaja, akasimama kando ya mlango akiwa ameshika ufunguo wa duka, tayari kufunga. Swaumu aliketi kwenye ngazi. Wanawake walikuja wawili wawili, wengine wakijifanya wanapita tu. Ng'ambo ya barabara walisimama wanaume. Na kama ambavyo kila mtu aliogopa, bodaboda walikuja nao, wakaegesha pikipiki kwa safu na kuketi juu yake, wakichekeana.

Mzee Rehani hakuonekana. Badala yake alikuja binti yake, Dija, mama yake Shufaa, mwanamke mrefu mwenye mikono ya shamba. Alikuja peke yake. Akaketi mbele kabisa.

Bi Nurjehan alisoma. Alisoma habari ya msichana wa hesabu, na habari ya siku alipoambiwa asitoke tena nje. Watu walitulia. Alipofika kwenye ngoma, kijana mmoja juu ya pikipiki akaanza kuupiga mluzi ule wimbo, na wenzake wakaanza makofi.

Bi Nurjehan aliacha kusoma. Kwa dakika ile alijiuliza kama Mzee Rehani alikuwa na haki kuliko yeye.

Dija akasimama. Aliwageukia vijana.

"Mmekosea," aliwaambia. "Hauimbwi hivyo."

Akauimba. Aliuimba polepole, kwa sauti nzito, beti zote, siyo zile mbili tu ambazo vijana walizinyakua. Katika zile nyingine mwali anamuuliza somo wake ni nani atakayemchotea mama yake maji, na kwa nini jina lake limeitwa darasani na hakuna aliyeitika. Mwanamke mzee aliyekuwa pembeni alijiunga. Kisha mwingine. Wapo waliojifunika nyuso kwa khanga na kuondoka, wakisema hili ni balaa, nyimbo za ndani kuimbwa barabarani. Walioendelea waliimba wakiwatazama vijana machoni, na makofi yakafa. Aliyepiga mluzi aliinamisha kichwa, akajifanya anakagua mafuta. Punde pikipiki moja iliwaka, halafu ya pili, na safu yote ikaondoka bila honi.

Dija alibaki amesimama. "Mimi ndiye niliyeitwa darasani," alisema. "Siyo mimi wa kwenye kitabu. Mwalimu Swaumu alikuwa mtoto wakati huo, hanijui. Lakini ni mimi. Baba alinitoa shule. Shufaa anasoma, na kesho nitamsindikiza mwenyewe, na atakayemwimbia ataniimbia mimi kwanza."

Akaketi. Swaumu alikuwa analia bila kujificha. Bi Nurjehan alitafuta mstari alipoishia, akaendelea kusoma, kwa sababu hakujua la kufanya jingine.

Ijumaa iliyofuata Mzee Rehani alikuja. Watu walikuwa wengi mara mbili. Bi Nurjehan alimpa kiti, lakini alisema atasimama.

"Kila mtu ameshawaambia binti yangu alisema nini hapa," alianza. "Alisema kweli. Nilimtoa shule. Niliposoma kitabu hiki mara ya kwanza nilikitupa. Mara ya pili nilisoma mpaka mwisho, na sijapata usingizi mzuri tangu hapo. Hilo ni langu na Mungu, na Dija. Lakini msidhani nimekuja kusema kitabu ni kizuri." Aligonga bakora chini. "Kuna vitu watu huviweka ndani si kwa aibu, bali kwa sababu ni vyao. Ukuta wa unyago si wa Swaumu peke yake. Walioujenga wamekufa, hawakuulizwa. Angeweza kuandika habari ya msichana yule bila kuzitoa zile nyimbo. Mtoto angeonewa huruma, na bibi zetu wangebaki na siri yao. Nasema kitabu hiki kisiuzwe hadharani. Nasema hivyo nikijua mimi mwenyewe nimo ndani yake."

Swaumu, aliyekuwa ameketi ngazini, alikuwa akimtazama kama mwanafunzi anayeonyeshwa kosa ambalo hana uhakika kama ni kosa.

Bi Nurjehan alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi nyumbani, lakini yote yalionekana mepesi.

"Nimekusikia, mzee wangu," alisema. "Uliyoyasema yana uzito, na mengine sina jibu lake. Huenda Mwalimu Swaumu analo, mwulize, yuko hapo. Ila kama ningekitoa siku ile ulipokuja na bakora, usingeyasema haya. Dija asingesema yake. Ungekuwa umerudi Kiwangwa, na hilo lako na Mungu lingebaki hapo hapo lilipokuwa. Wala mimi nisingejua habari ya mizani ya mume wangu. Naendelea kukiuza. Na cha Mtoro naendelea kukiuza, na nitaendelea kuwaambia wanunuzi ni cha hovyo."

"Wananunua!" Mtoro alipaza sauti kutoka nyuma.

"Anayenunua ni shemeji yangu!" alijibu Bi Nurjehan, na baraza zima likalipuka kwa kicheko, isipokuwa Aliasgar na Mtoro, ambao walitazamana kwa mara ya kwanza kama watu wawili waliotapeliwa na mtu mmoja.

Mzee Rehani alisubiri kicheko kitulie. "Sijakubali," alisema.

"Sikukuomba ukubali."

"Nitarudi Ijumaa ijayo, na nitasema hivi hivi. Na ile inayofuata."

"Njoo mapema upate kiti cha kivulini," alisema Bi Nurjehan. "Na uje na wenzako wa Kiwangwa wanaofikiri kama wewe. Wasiseme kwenye simu. Waje wasemee hapa."

Swaumu alishuka ngazini akamwendea mzee, akamwamkia. Mzee alimwitikia kwa kichwa tu. Kisha, bila kumtazama, akamwuliza ule ubeti wa maji aliupata kwa nani, maana yeye, ingawa alisema wanaume hawaujui, alimsikia mama yake mzazi akiuimba tofauti. Swaumu akamtajia jina la bibi mmoja wa Makurunge. Mzee akasema huyo bibi hakuwahi kuujua vizuri. Dija akaingilia kwamba aliujua, tena kuliko wote. Wakaanza kubishana, watatu hao, wamesimama juani katikati ya barabara, na lori la miwa likapiga honi mpaka likachoka, likawazunguka.